Simu ya maandishi kwa viziwi na wasiosikia vizuri: TTY kutoka ng'ambo, simu ya kukuza sauti au simu janja?

MamaTeddy (Maseno)

Hamjambo wote. Naomba majibu ya watu waliotumia vifaa hivi, au wanaoishi na mtu anayevitumia.

Kikundi chetu ni cha wazazi na jamaa wa viziwi, tunakutana huku Maseno. Wanachama wetu hawafanani. Wapo vijana waliozaliwa viziwi, wamepitia shule za viziwi, na wao kwa wao wanaongea kwa Lugha ya Ishara ya Kenya. Wapo wazee ambao masikio yamepungua nguvu na ishara hawazijui kabisa. Halafu kuna akina mama kadhaa waliopoteza usikivu ukubwani. Hao wanasoma vizuri na kuongea kwa mdomo, lakini simu ikiita lazima mtoto wa nyumbani apokee, hata kama ni mambo ya hospitali ambayo mtoto hakustahili kuyasikia.

Jamaa ya mwenzetu mmoja yuko Marekani. Anasema mashine za TTY zilizotumika zinapatikana bure, sisi tulipe usafirishaji tu. Ni zile zenye kibodi, kioo chembamba cha maandishi, na mahali pa kulaza mkono wa simu. Kando na hiyo, tumechanga pesa inayoweza kununua simu janja chache, au simu za kukuza sauti kwa wazee, au tuwanunulie watu kabambe, zile simu ndogo za vitufe, na credo ya SMS. Vyote kwa pamoja hatuwezi, na mkutano ujao lazima tuamue.

Tuchukue nini?

FundiWaKondele (Kisumu)

Mama Teddy, kabla hamjalipa nauli ya mizigo, acha nieleze TTY inavyofanya kazi, maana hapo ndipo jibu lilipo.

TTY haitumi maandishi kama SMS inavyotuma. Inageuza kila herufi kuwa mfuatano wa milio ya aina mbili, mmoja wa hezi 1400 na mwingine wa hezi 1800, kisha milio hiyo inapita kwenye laini ya simu kama sauti ya mtu. Mashine ya upande wa pili inaisikiliza na kuirudisha kuwa herufi. Msimbo wake ni Baudot: biti 5 kwa kila herufi, na mwendo wa biti 45.45 kwa sekunde kwa mashine za Marekani. Hiyo ni kama herufi 6 kwa sekunde, zote kubwa. Tena wawili hawawezi kuandika kwa wakati mmoja; ukimaliza unaandika GA ("go ahead", yaani endelea), ndipo mwenzako anaanza.

Sasa angalia laini zetu. TTY ilizaliwa kwenye laini ya waya wa shaba, ambapo mlio unaingia na kutoka ukiwa vilevile. Simu ya mkononi inabana sauti kwa njia iliyobuniwa kwa ajili ya koo la binadamu, na mlio wa mashine unatoka umekwaruzwa. Simu za intaneti ni hivyohivyo, pakiti moja ikipotea na herufi zimepotea. Na si herufi kupotea tu. Biti 5 zinatosha alama 32 pekee, kwa hiyo herufi na tarakimu zinatumia alama zilezile, na kuna alama maalumu ya kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hiyo ya kuhama ikiharibika njiani, mtu aliyeandika TUPO anasomeka 5709. Fikiria ni mgonjwa anaulizia kipimo cha dawa. Anayesoma atajuaje kwamba 5709 haikuwa nambari?

Kisha kuna stima. Marekani ni volti 120, hapa ni 240. Adapta yake ikichomekwa ukutani bila transfoma inaweza kuungua papo hapo. Betri za ndani za mashine kuukuu mara nyingi zimeshakufa.

Na mtu akiwaletea nyingine kutoka Uingereza, msizichanganye. Huko walizoea mfumo mwingine wa milio, V.21, ambao hauelewani na Baudot ya Marekani. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ilitoa kiwango cha V.18 mwaka 1994 ili mashine za aina tofauti zielewane, lakini si kila mashine kuukuu inacho.

Karani_Milimani (Kisumu)

Fundi ameeleza vizuri, ila mimi nisingezitupa zote. Ofisi ninayofanya kazi bado ina simu za ndani za waya kati ya vyumba. Ukiweka TTY mbili kwenye laini za analojia za namna hiyo, moja mapokezi na nyingine ofisini kwa mhasibu kiziwi, zitaongea bila bando na bila mtandao wa nje. Milio haipiti kokote kwenye kubanwa. Zile zenye printa zinaacha karatasi, na karatasi inamsaidia mtu ambaye kila mara anaambiwa "sikusema hivyo."

Kwa hiyo jibu linategemea laini iliyopo mahali penyewe.

FundiWaKondele

Nakubali, kwa jengo lenye laini hizo. Maseno kwa kina Mama Teddy sidhani kama kuna nyumba yenye waya wa simu. Na hata ukiupata, utampigia nani? TTY inaongea na TTY. Nchi zilizofaidika nazo ziliweka makarani wa katikati: kiziwi anamwandikia karani, karani anamsomea mwenye kusikia kwa sauti, kisha anaandika jibu. Marekani iliingiza huduma hiyo kwenye sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990, na leo wanabonyeza 711 kuipata. Uingereza ilianza Typetalk mwaka 1991. Mashine bila karani wa kati ni nusu ya mfumo.

Kijana_wa_Nyangoma (Bondo)

Mimi ni kiziwi tangu utotoni, nimesoma shule ya viziwi ya Nyang'oma. Nimefurahi kwamba swali limeulizwa, lakini naona watu wote wanaojibu wanasikia. Naomba mnisome mpaka mwisho.

Kwanza, TTY msiidharau. Iliyoifanya iwezekane ni kazi ya viziwi wenyewe. Robert Weitbrecht alikuwa mwanafizikia kiziwi. Mwaka 1964, pamoja na James Marsters, daktari wa meno ambaye pia alikuwa kiziwi, walitumia mashine kuukuu za teleksi na modemu aliyoibuni Weitbrecht kuandikiana kwa laini ya simu ya kawaida. Hadi hapo simu ilikuwa imeishi karibu miaka 90 na kiziwi hana nafasi ndani yake. Wakati mwingine nikiandika SMS nawakumbuka watu hao.

Lakini kwa vijana wa Maseno, TTY ni jibu la swali la watu wengine. Katika shule zetu wengi wetu tunafanya mtihani wa Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Kijana anaweza kumaliza shule akiwa hodari kwa ishara, Kiingereza chake cha kuandika kikiwa cha kujikokota, na Kiswahili hajakisoma darasani hata kidogo. Mnampa mashine ya herufi kubwa, mnamwambia "sasa una simu." Atasoma nini? Mimi Kiswahili hiki nimejifunza baadaye, kwa hiari yangu, kwa kusoma magazeti na kubishana na watu mitandaoni.

Simu yetu ni kamera. Nikipiga simu ya video kwa WhatsApp naongea lugha yangu kwa kasi yangu, nacheka, nakasirika, uso wangu unaonekana. Kwa hiyo mkinunua simu janja, msiangalie ukubwa wa hifadhi tu. Angalieni kamera ya mbele kwenye mwanga hafifu, maana jioni ndani ya nyumba yenye balbu moja kamera mbaya inafanya vidole kuwa ukungu. Nunueni na stendi, kwa sababu ishara zinahitaji mikono miwili. Na bando liwe sehemu ya bajeti tangu siku ya kwanza. Simu bila bando kwa kiziwi haina faida kubwa kuliko kabambe.

Na jambo la mwisho. Mkutano wa kuamua, je, hao vijana wataalikwa, na mkalimani atakuwepo?

MamaTeddy

Asante mwanangu, erokamano. Vijana huwa wanakuja, lakini mkalimani hatuna kila mara. Nimeandika hilo juu kabisa ya orodha. Kuhusu Kiswahili hukusema uongo. Teddy wangu mwenyewe ananiandikia SMS za Kiingereza, nikimjibu kwa Kiswahili ananipigia video anione midomo na mikono.

Shiku_Nax (Nakuru)

Natoa upande wa wazee, maana mamangu ni mmoja wao. Anaishi na mimi hapa Nakuru, ana miaka zaidi ya 70, na anavaa mashine ya sikio.

Tulinunua kwanza simu ya mezani ya kukuza sauti. Zipo zinazoongeza desibeli 40, nyingine hata zaidi, zina kengele kali na taa inayomulika simu ikiita. Zilimsaidia dada yake sana. Mamangu hazikumsaidia, na mtaalamu wa masikio ndiye aliyetueleza sababu. Usikivu wa uzeeni kwa kawaida hupotea kwenye sauti nyembamba kwanza, zile za s, f, sh na t. Ukiongeza sauti yote kwa pamoja, irabu zinapiga kelele na konsonanti bado hazisikiki. Anasikia kwamba unaongea, haelewi unasema nini. Kwa hiyo msinunue simu ya kukuza sauti kabla mzee hajapimwa masikio na kujaribu simu yenyewe, akiongea na mtu anayemfahamu, mahali ambapo redio haijawashwa.

Kilichofaa kwake ni simu ya mkononi inayoelewana na mashine yake ya sikio. Mashine nyingi za sikio zina koili ndogo, kwenye swichi huandikwa T. Ukiiweka hapo inachukua sauti kwa sumaku kutoka kwenye simu, na kelele za nje hazichukuliwi. Lakini simu nayo lazima iwe imetengenezwa kwa hilo. Kwenye boksi tafuta M3 au M4 na T3 au T4. M ni jinsi inavyoelewana na maikrofoni ya mashine ya sikio, T ni koili. Ikiwa boksi halisemi lolote, mwambie muuzaji mama ajaribu hapo dukani. Akikataa, nenda duka lingine.

Pia kwa simu za mezani, hakikisheni kama inatumia kadi ya SIM. Nyingi za kukuza sauti ni za waya, na mtaishia kuwa na kitu kizuri cha kupamba meza.

SistaWaZamu (Kakamega)

Mimi ni muuguzi. Niongee kuhusu wale akina mama wanaosoma vizuri, kwa sababu hao ndio ninaokutana nao kaunta, na hao ndio wanaosahaulika. Hawajui ishara, kwa hiyo mkalimani hawasaidii. Sauti kubwa haiwasaidii. Wanachohitaji ni maneno yaandikwe mbele yao wakati mtu anaongea.

Tunatumia programu ya Live Transcribe kwenye simu ya Android. Google waliitoa mwaka 2019 wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Gallaudet, kile cha viziwi kule Washington. Unaongea, inaandika. Ina Kiswahili. Mama anasoma, anajibu kwa mdomo, na mazungumzo yanakwenda bila mtoto kuketi katikati. Kwa simu ya kupigiwa, wengine wanaweka simu moja spika na ya pili inaandika. Inafanya kazi ikiwa chumba ni kimya na mpigaji anaongea pole pole.

Mipaka yake ni hii. Wodi ikiwa na kelele inaandika ovyo. Tukichanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, kama tunavyoongea sisi wote, inachanganyikiwa. Nilipoijaribu na nyanya anayeongea Kiluhya iliweka maneno ya Kiswahili ambayo hayakuhusiana na alichosema. Majina ya dawa na vipimo siiachii kamwe. Hivyo naandika kwa kalamu na mgonjwa anasoma mbele yangu. Halafu kuna mpangilio wa kuhifadhi maandishi kwa siku 3. Kwenye simu inayotumiwa na watu wengi uzimeni. Habari za mgonjwa zisikae kwenye simu ya kikundi.

Karani_Milimani

Sista, hapo pa kumtoa mtoto katikati umenigusa. Nimeona msichana mdogo akimwambia mamake majibu ya maabara. Hakuna mtoto anayepaswa kubeba hilo.

Mwalimu_Mstaafu (Mumias)

Nimefundisha viziwi hapa Mumias kwa muda mrefu. Niwape mambo mawili.

La kwanza ni haki yenu, ili mkienda kuomba msiende kama ombaomba. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Braille au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa, na haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo vya ulemavu wake. Hata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilitaja kwamba wanaotoa huduma za simu za umma waweke vifaa vya wasiosikia, kadiri inavyowezekana. Simu zile za vibanda zimeondoka mitaani, wazo limebaki. Kila mwanachama ajiandikishe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, maana maombi ya vifaa hupitia kwao, na mtu asiye na kadi anaanzia nyuma.

La pili ni kuhusu kabambe. Nimeona hapa kila mtu ameiruka. Msiiruke. Betri inakaa siku kadhaa, stima ikipotea Mumias usiku mzima bado inafanya kazi. Inatetemeka mfukoni. SMS inafika hata pale ambapo video inakwama, na inasubiri ikiwa simu ya mwenzako imezimwa. M-Pesa inafanya kazi. Kwa kijana anayeendesha boda au kuuza mboga sokoni, kabambe ndiyo simu ya kazi, na simu janja ni ya nyumbani. Wanafunzi wangu wengi waliokomaa wana zote mbili. Lakini wafundishwe kuandika ujumbe mfupi unaoeleweka: jina, mahali, ninachotaka. "Mimi ni kiziwi. Usinipigie. Niandikie." Ujumbe huo uwekwe tayari kwenye simu, autume bila kuanza kuutunga akiwa na hofu. Nambari za dharura, 999 na 112, zinahitaji kuongea, kwa hiyo ujumbe mwingine wa tayari uwe wa kwenda kwa jirani na ndugu wanaosikia ambao wamekubali kumpigia.

Kijana_wa_Nyangoma

Mwalimu umesema kweli. Naongeza: hao jirani waulizwe kwanza na wakubali, na wawe zaidi ya mmoja. Nimewahi kutuma ujumbe wa dharura kwa mtu mmoja tu, naye alikuwa amelala.

Na wasambazaji wa huduma wajue jambo hili. Kuna mahali nilitaka kurekebisha laini yangu, wakanijibu kwamba lazima nithibitishe kwa kupigiwa simu. Nimeandika kwamba ni kiziwi. Wakapiga.

MamaTeddy

Pole sana mwanangu.

Fundi, yule jamaa wa Marekani ameniambia kwamba huko sasa wanatumia kitu kinaitwa RTT ndani ya simu janja. Ni nini, na kinafaa kwetu?

FundiWaKondele

RTT ni mrithi wa TTY. Badala ya milio, maandishi yanapita kama data ndani ya simu yenyewe, na kila herufi inaonekana kwa mwenzako ukiwa bado unaandika, husubiri kubonyeza tuma. Wawili mnaweza kuandika pamoja, hakuna GA, na sauti inaweza kuendelea wakati huohuo. Mwaka 2016 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu kampuni za simu kuweka RTT mahali pa TTY, kwa sababu hiyohiyo niliyoeleza: milio haipiti vizuri kwenye mitandao mipya. Ndiyo maana TTY zinapatikana bure huko. Watu wameziacha.

Kwa upande wa simu, kitu hiki kimo kwenye iPhone na Android nyingi. Lakini kinahitaji mtandao wako uwe umekiruhusu. Kwenye mipangilio ya ufikivu, kama mtandao haujakiruhusu, hata kitufe chenyewe hakionekani. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "simu hii ina RTT," weka SIM yako ndani, fungua mipangilio, ukione kwa macho kabla ya kutoa pesa. Msinunue simu kwa sababu ya RTT pekee.

Kwenye ufikivu huohuo mtaona taa ya kamera kumulika simu ikiita. iPhone inayo, Samsung inayo, na Android 14 imekileta kwa simu nyingine pia. Kwa mtu anayelala peke yake hiyo taa ni bora kuliko mtetemo juu ya godoro.

Shiku_Nax

Mamangu aliiomba hiyo taa izimwe kanisani, ila nyumbani haiachi.

MamaTeddy

Nimewasoma wote, na nimeongea na wenzangu wa kamati. Tutakayopeleka kwenye mkutano ni haya, vijana wayajadili na mkalimani akiwepo. Tumeshampata mmoja atakayekuja.

TTY hatuleti. Nitamwandikia jamaa wetu nimshukuru, na nauli ya mizigo tuliyokuwa tulipe ibaki kwetu. Pesa tuliyonayo iende kwa simu janja zenye kamera nzuri ya mbele, pamoja na stendi na bando la miezi ya kwanza, kwa vijana wasio nazo. Simu moja ikae kwa kikundi, ya kuandika maneno, kwa ajili ya akina mama wanaokwenda kliniki. Wazee wapimwe masikio kwanza, simu zao tununue baadaye, mmoja mmoja, kwa alichojaribu na kukielewa. Na kila mwenye kabambe abaki nayo.

Swali langu lililobaki: hiyo simu ya kikundi, nani aitunze? Kwa mwenyekiti itakuwa mbali na kliniki.

SistaWaZamu

Isikae kwa mtu. Ongeeni na msimamizi wa kliniki ikae pale mapokezi, imefungwa na mnyororo kama ile kalamu ya benki, na jina la kikundi limeandikwa nyuma. Chaja yake iwe palepale. Muuguzi wa zamu afundishwe kuifungua na kuchagua Kiswahili au Kiingereza kabla ya mgonjwa kuketi, kwa sababu Teddy atahitaji Kiingereza na mama mwingine Kiswahili.

Kijana_wa_Nyangoma

Na ukutani juu yake mbandike karatasi yenye picha ya sikio lililopigwa mstari na maneno "Unaweza kuandikiwa hapa." Kiziwi mgeni haulizi. Asipoona alama, anageuka na kwenda nyumbani.

Mama Teddy, mkutano ni lini? Kutoka Bondo naweza kufika.

MamaTeddy

Nakutumia tarehe kwa SMS. Njoo na wenzako.